Tuipunguzie Mioyo Mizigo Isiyo ya Lazima

Wazee wetu wa Unguja na Pemba walikuwa na neno zito kwa mtu aliyefariki ghafla baada ya kuletewa habari ya msiba au ya hasara kubwa. Walisema amekufa kwa kihoro. Wengi miongoni mwetu tuliopita skuli tulilisikia neno hilo tukalihesabu kuwa ni la kale, lililosemwa na watu wasiokuwa na vipimo wala mashine. Leo elimu ya utabibu imefika mahali pa kukiri kwamba wazee hawakukosea. Huzuni, hofu, hasira na wasiwasi wa siku nyingi vina njia ya kweli, inayoweza kupimwa, itokayo kwenye ubongo hadi kwenye moyo. Njia hiyo ikipitwa kila siku pasipo nafasi ya kupumua, humfupishia mtu maisha.

Tunalileta jambo hili katika safu hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayoongoza kwa kuua duniani. Shirika la Afya Duniani lilikisia kuwa mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa maradhi hayo, yaani karibu theluthi moja ya vifo vyote, na kwamba zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa haya ni maradhi ya matajiri wa Ulaya, wala kwamba bahari inatukinga nayo.

Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Sehemu ya mzigo unaobebwa na mioyo ya watu haimo katika chumvi na mafuta peke yake. Tunautengeneza wenyewe katika namna tunavyopangiana kazi, tunavyosubirishana kwenye madirisha ya ofisi, na tunavyopeana au kunyimana habari. Kilichotengenezwa na watu kinaweza kutengenezwa upya na watu. Ndiyo maana maneno haya, ingawa ni ya wananchi wote, tunayaelekeza zaidi kwa wale waliokabidhiwa madaraka.

KUTWEKA NA KUTUA

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani takriban mara laki moja kwa siku, nao husukuma karibu lita tano za damu kila dakika. Moyo una chembe zake wenyewe zinazouamrisha kupiga, lakini lau ungeachiwa chembe hizo peke yake ungekwenda kiasi cha mara 100 kwa dakika. Hilo limeonekana wazi kwa watu waliopandikizwa moyo wa mtu mwingine, tiba iliyofanywa kwa mara ya kwanza na daktari Christiaan Barnard mjini Cape Town mwezi Disemba, 1967. Moyo uliopandikizwa, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu imekatwa, huenda mbio kuliko wa kawaida hata mwenyewe akiwa amelala. Basi utulivu wa moyo hauji bure. Ni kazi inayofanywa na mishipa ya fahamu usiku na mchana.

Mishipa hiyo inayofanya kazi bila ya sisi kuiamrisha ina pande mbili. Upande mmoja hutweka tanga: huuharakisha moyo, huibana mishipa ya damu na kuuweka mwili tayari. Upande wa pili hulitua: huupunguza moyo mwendo, huliamsha tumbo lisage chakula na kuuacha mwili ujijenge. Mshipa mkuu wa upande huu wa pili huitwa vagasi, nao huteremka kutoka kwenye ubongo ukapita shingoni hadi kifuani na tumboni. Afya ya moyo ni sawa na safari ya chombo: nahodha mzuri hujua kutweka na hujua kutua, na chombo kisichoshusha tanga hata siku moja mwisho wake hupasua tanga au huvunja mlingoti.

Namna mishipa hii inavyousemesha moyo iligunduliwa na Otto Loewi katika mji wa Graz, nchini Austria, mwaka 1921. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa rai ya jaribio lake ilimjia ndotoni. Usiku wa kwanza aliiandika kwenye karatasi, na asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata ilipomjia tena hakungoja, akaondoka kitandani akaenda moja kwa moja kwenye maabara yake. Alichukua mioyo miwili ya vyura. Aliuchochea mshipa wa vagasi wa moyo wa kwanza mpaka ukapunguza mwendo, kisha akayachukua maji yaliyouzunguka akayatia katika moyo wa pili. Moyo huo wa pili nao ukapunguza mwendo, ingawa hakuna mshipa wake uliokuwa umeguswa. Hivyo ilijulikana kuwa mshipa wa fahamu hupeleka amri yake kwa kumwaga dawa ya mwili wenyewe. Loewi alipata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1936, pamoja na Henry Dale wa Uingereza.

Kabla ya hapo, mwaka 1915, Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikuwa amekwisha kueleza upande wa kutweka. Alionyesha kwamba mnyama akiogopa au akighadhibika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, tumbo husimamisha kazi, sukari hutolewa kutoka katika ini, na damu huwa nyepesi kuganda. Kila kimoja kina hekima yake. Mtu anayekimbizwa na fahali katika mchezo wa ng'ombe kule Pemba anahitaji damu ijae miguuni, anahitaji nguvu za papo hapo, na akichomwa pembe anahitaji jeraha lizibe upesi. Baada ya dakika chache fahali hushikwa kamba, mtu huketi chini akacheka na wenzake, na vagasi huushusha moyo.

Taabu ni kwamba mwili haukupewa mlango mwingine kwa ajili ya hofu za aina nyingine. Barua isiyojibiwa kwa miezi, deni la dukani, ada ya mtoto, maneno ya mkubwa wa kazi asiyeambilika, yote hupita katika mlango ule ule wa fahali. Tofauti ni kwamba hapa hapana mbio wala hapana mwisho. Sukari na mafuta yaliyotolewa kwa ajili ya miguu hubaki yakizunguka katika damu. Mishipa hubaki imebanwa. Homoni nyingine iitwayo kotisoli hukaa juu kwa muda mrefu, ikaongeza sukari na kulimbikiza mafuta kiunoni. Mwaka 2017 madaktari wa Boston wakiongozwa na Ahmed Tawakol waliwachunguza watu 293 kwa mashine za picha, wakaona kuwa wale ambao kiini cha ubongo kinachopima hatari kilikuwa na kazi nyingi zaidi ndio ambao uboho wa mifupa yao ulikuwa na kazi nyingi zaidi na kuta za mishipa yao ya damu zilikuwa na uvimbe zaidi, na ndio waliopatwa zaidi na maradhi ya moyo na kiharusi katika miaka iliyofuata.

KIHORO NA CHUNGU CHA PWEZA

Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza maradhi ambayo hapo kabla yalikuwa yakidhaniwa kuwa ni shambulio la kawaida la moyo. Mgonjwa, aghalabu mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, huletwa akiwa na maumivu makali ya kifua baada ya kufiwa au kupatwa na fazaa kubwa. Vipimo vyote huonyesha moyo umeshambuliwa. Lakini mishipa inayoulisha moyo ikipigwa picha huonekana haikuziba. Kilichoharibika ni umbo: chini, moyo umefura na kulegea, na juu umebana shingo. Umbo hilo liliwakumbusha madaktari hao chungu chenye tumbo pana na mdomo mwembamba ambacho wavuvi wa Japani hukitumia kunasia pweza, nao wakayaita maradhi hayo kwa jina la chungu hicho, takotsubo.

Wanawake wetu wanaoshuka mwambani maji yanapokupwa, kijiti mkononi, hawahitaji kuelezwa kwa nini pweza huingia katika chungu. Wanaijua tabia yake ya kupenda shimo. Tunachowaomba wajue ni kwamba jambo lililoitwa kihoro na bibi zao sasa lina picha yake hospitalini. Mwili ukimwagiwa adrenalini na ndugu zake kwa wingi na kwa ghafla, nyama ya moyo hupigwa bumbuwazi. Wengi hupona katika wiki chache wakipata matibabu, baadhi hufa.

Kihoro kina sura nyingine, nayo ni ya moyo ambao ulikuwa mgonjwa kwa siri. Tarehe 17 Januari, 1994, kiasi cha saa kumi na nusu alfajiri, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Los Angeles. Katika wiki iliyotangulia, vifo vya ghafla vya moyo katika wilaya ile vilikuwa kwa wastani 4.6 kwa siku. Siku ya tetemeko vilikuwa 24. Wengi wao hawakuangukiwa na ukuta wala hawakufanya kazi ya nguvu. Waliuawa na fazaa. Hata furaha na hamu ya mchezo huweza kufanya hivyo. Madaktari wa Munich walihesabu dharura za moyo katika mji huo na vitongoji vyake wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006, wakaona kuwa siku ilipocheza timu ya Ujerumani dharura hizo ziliongezeka mara 2.66, na waliokwisha kuwa na maradhi ya moyo ndio waliopatwa zaidi. Upepo mkali huangusha mti ambao mchwa wamekwisha kuula kwa ndani.

Visiwa vyetu vinazijua siku za upepo wa namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya MV Spice Islander iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama; na tarehe 18 Julai, 2012, ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja. Kila aliyesimama pwani siku zile akingoja jina la mtu wake anajua kwamba kungoja bila ya kuambiwa kitu ni adhabu inayoushika mwili wote. Tutarudi kwenye neno hilo la kungoja, kwani ndani yake mna wajibu wa wenye mamlaka.

TARISHI NA MKUBWA WAKE

Kwa muda mrefu watu walidhani kuwa wenye kuumwa moyo kwa sababu ya mawazo ni wakubwa: waziri, mkurugenzi, tajiri mwenye mali nyingi. Dhana hiyo ilivunjwa London, katika mtaa wa ofisi za Serikali uitwao Whitehall. Kuanzia mwaka 1967 wataalamu waliwapima zaidi ya watumishi wa Serikali 17,000, wote wanaume, kutoka makatibu wakuu hadi matarishi, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Walioonekana kufa zaidi kwa maradhi ya moyo ni wale wa chini. Matarishi na mabawabu walikufa kwa moyo zaidi ya mara tatu kuliko wakubwa wa daraja la juu. Wala haikuwa tofauti ya maskini na tajiri tu, maana kila daraja lilikuwa na vifo zaidi kuliko daraja lililo juu yake, ngazi kwa ngazi.

Yafaa tuyatafakari matokeo hayo. Watu hawa wote walikuwa na kazi ya kudumu, mshahara wa kila mwezi, na matibabu ya bure. Ni kweli kwamba wa chini walivuta sigara zaidi, lakini sigara, shinikizo la damu na mafuta ya damu vilipohesabiwa pamoja havikutosha kueleza hata nusu ya tofauti hiyo. Kulikuwa na kitu kingine.

Ili kukitafuta kitu hicho, Michael Marmot na wenzake walianza uchunguzi wa pili mwaka 1985, safari hii kwa watumishi 10,308, wanawake wakiwemo. Katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 1997, jambo lililoeleza zaidi tofauti ya maradhi ya moyo baina ya madaraja lilikuwa ni uwezo wa mtu kuwa na usemi juu ya kazi yake mwenyewe. Mwenye kuamua aanze na lipi, apumzike lini na amwulize nani, moyo wake ulikuwa salama zaidi. Mwenye kuamrishwa kila kitu bila ya kuulizwa wala kuelezwa, moyo wake ulikuwa hatarini zaidi. Robert Karasek wa Marekani alikuwa amekwisha kulisema hilo mwaka 1979: kazi nyingi peke yake si sumu, sumu ni kazi nyingi iliyochanganyika na kutokuwa na amri juu yake.

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya Wazungu na baridi yao. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Salim Yusuf wa Canada na kutangazwa mwaka 2004 uliwakusanya watu kutoka nchi 52, nchi kadhaa za Afrika zikiwemo. Ulionyesha kwamba mambo tisa yanaeleza takriban sehemu tisa katika kumi za mashambulio ya moyo, na kwamba mambo hayo ni yale yale katika kila bara. Msongo wa mawazo ulikuwa mojawapo, pamoja na sigara, mafuta ya damu, shinikizo la damu, kisukari, unene wa tumbo, unywaji wa pombe, upungufu wa mboga na matunda, na kutofanya mazoezi. Mtu mwenye msongo wa kudumu kazini alikuwa na hatari zaidi ya mara mbili.

Hata katika wanyama wa Afrika yetu ya Mashariki jambo hili limeonekana. Mwaka 1978 Robert Sapolsky, mtaalamu wa Kimarekani, alianza kuchunguza nyani katika mbuga ya Masai Mara, nchini Kenya. Madume wa chini, wanaonyang'anywa chakula na kupigwa bila ya sababu, walikuwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wamepumzika. Kati ya miaka ya 1980 kundi moja lilipata kifua kikuu kwa kula mabaki ya nyama kwenye jaa la hoteli ya watalii, na waliokufa ni madume wakali waliokuwa wakiligombania jaa hilo. Waliobaki walikuwa wapole. Miaka mingi baadaye, hata madume wageni walipoingia na wa zamani wakafa, upole ule ulikuwa umekuwa mila ya kundi, na dalili za msongo kwa wanyonge zilikuwa zimetoweka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Hatusemi kuwa watu ni nyani. Tunasema kuwa ikiwa nyani wanaweza kubadili namna wanavyotendeana, ofisi haiwezi kudai kwamba tabia zake hazibadiliki.

HATARI YA KUIELEWA NUSU

Hapa hatuna budi kuonya, kwani elimu hii ikishikwa upande mmoja huua. Wengi wetu tumezoea kusema kuwa fulani "amepandishwa presha" kwa maudhi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imezaa desturi mbaya: mtu humeza dawa ya presha siku aliyoudhiwa au siku kichwa kinapomgonga, na akijiona mzima huziweka kabatini. Wengine humgawia jirani.

Presha ya maudhi ya saa moja hupanda na kushuka. Ugonjwa wa shinikizo la damu ni kitu kingine: damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi siku zote, mtu akiwa na furaha au na huzuni, mara nyingi bila ya dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana ugonjwa huo, na karibu nusu yao hawajui. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbalimbali, mtu anahitaji daktari, hata akiwa ni mtu wa kucheka daima. Dawa aliyoandikiwa aimeze kila siku kama alivyoelekezwa, na akiona inamtaabisha amrudie daktari abadilishiwe, asiiache.

Vilevile maumivu ya kifua yanayobana na kwenda mkononi au kwenye taya, pumzi kukatika, mdomo kupinda au mkono kulegea ghafla, hayo si ya kuambiwa "mwacheni apumzike, ana mawazo tu". Ni ya kupelekwa hospitali saa ile ile. Hata kihoro chenyewe hakitambuliki ila kwa vipimo. Mambo tisa tuliyoyataja hayapingani wala moja haliondoi jingine. Mwenye mawazo mengi aghalabu ndiye anayevuta zaidi, asiyelala na anayesahau dawa.

YALIYO MIKONONI MWETU

Mtu binafsi anayo ya kufanya. Kutembea kwa miguu, kulala saa za kutosha na kupumua taratibu huupa nguvu upande wa kutua. Mwaka 2001 madaktari wa Italia waliwapima watu waliokuwa wakisali kwa rozari, wakaona kuwa pumzi zao zilishuka hadi kiasi cha sita kwa dakika na kwamba mwili uliimudu vizuri zaidi kazi ya kuuongoza moyo. Sisi tuliolelewa na tasbihi na nyiradi hatuoni ugeni katika habari hiyo. Baraza za nje ya nyumba, ambazo wengine huziona kuwa ni mahali pa wavivu, nazo zina kazi yake. Uchambuzi wa tafiti 148 zenye watu 308,849, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa wenye mafungamano mazuri na wenzao walikuwa na nafasi ya kuendelea kuishi iliyozidi kwa asilimia 50. Anayemtembelea mfiwa baada ya siku za matanga kwisha, wakati watu wote wameshaondoka, anafanya kazi ya tabibu.

Lakini haitakuwa haki kumwambia mwananchi apumue taratibu huku tukimkaba. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliye nyuma ya dirisha hamjui aliye mbele yake. Kwa hiyo tunayo maombi machache kwa wenye madaraka, mengi yao yasiyohitaji fungu katika bajeti.

La kwanza ni neno "njoo kesho". Mzee anayefuatilia kiinua mgongo chake akiambiwa njoo kesho mara kumi, amewekwa mbele ya fahali mara kumi. Aambiwe jalada lake liko wapi, limekwama kwa sababu gani na litatoka tarehe ipi. Na tarehe hiyo ikishindikana atafutwe aambiwe. Huenda jibu likawa baya, lakini mtu akishalijua hujipanga, na mwenye kujipanga amerudishiwa usukani.

La pili ni habari za safari na za maafa. Kisiwa huishi kwa vyombo. Chombo kikichelewa, abiria na wanaowangojea waelezwe mapema na kwa ukweli. Na Mwenyezi Mungu atuepushe, lakini ikitokea ajali, pawe na mahali pamoja panapojulikana, penye mtu mwenye orodha na mwenye ulimi mpole, ili jamaa wasikimbie huku na huko wakiokota uvumi. Hapo hapo pawe na mhudumu wa afya, kwa sababu sasa tunajua kuwa kihoro ni dharura.

La tatu ni namna wakubwa wanavyowaendesha wadogo. Karani, mfagiaji, dereva na muuguzi wa zamu za usiku waulizwe rai kabla ya zamu kupangwa. Wapewe sababu pamoja na amri. Wasikaripiwe mbele ya watu. Hili si la heshima tu. Ushahidi wa Whitehall unalifanya kuwa jambo la uhai na mauti.

La nne ni saa za kazi, nalo linawahusu hata wakubwa wenyewe. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walikadiria mwaka 2021 kuwa watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Hatari ya kiharusi huzidi kwa asilimia 35, na ya kufa kwa moyo kwa asilimia 17, ikilinganishwa na wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Mkubwa anayejisifu kwamba halali, na asiyewaacha wengine kulala, hajengi taifa.

La tano ndilo linalohitaji fedha. Vipimo vya presha vipelekwe walipo watu, bandarini, masokoni, kwenye madiko ya wavuvi na maskulini, na dawa zipatikane vituoni bila ya kukatika. Mgonjwa aliyetembea kutoka shamba akaikosa dawa yake amepata madhara mawili: ameikosa tiba na ameongezewa wasiwasi.

Hatuoti kuwa patakuwa na maisha yasiyokuwa na taabu. Bahari itachafuka, watu watafiwa, bei zitapanda, na hakuna Serikali itakayoyafuta hayo kwa waraka. Mizigo hiyo ni ya lazima, na moyo wa mwanadamu uliumbwa na nguvu za kuihimili, mradi upewe nafasi ya kutua. Iliyo mikononi mwetu ni ile mingine, ya ukali usio na faida, ya ukimya usio na sababu na ya kesho isiyofika. Kila mwenye ofisi, kubwa au ndogo, aitazame foleni iliyo mlangoni pake, na aanze na mtu wa kwanza: amkaribishe, amsikilize, na amwambie ukweli leo hii.